Chumvi, Sukari Guru na Vidole Vitatu

Mwezi wa Mei mwaka 1832, katika bandari ya Leith iliyo jirani na mji wa Edinburgh huko Uskochi, tabibu mmoja aitwaye Thomas Latta alisimama kando ya kitanda cha bibi kizee aliyepatwa na kipindupindu, maradhi yaliyokuwa mageni kabisa katika nchi ile, akamwona macho yametota, mwili umepoa, na mapigo ya moyo hayapatikani tena kwenye kifundo cha mkono. Dawa zote zilizosifiwa zama zile zilikwisha kujaribiwa na hazikumletea nafuu. Ndipo Latta, kwa tahadhari ya mtu afanyaye jambo ambalo hajapata kuliona likifanywa na mwingine, alipotia mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wa yule bibi na kuanza kumwingizia maji ya chumvi, kidogo baada ya kidogo, huku akimkazia macho. Na kwa kitambo hapakuwa na dalili yoyote, mpaka pumzi ya mgonjwa ikapata nguvu, macho yakang'aa, mapigo ya moyo yakarudi, vidole vikapata joto, na yule aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa maiti akasema kwa sauti thabiti kwamba hana tena adha yoyote, ila ahitaji kulala kidogo tu. Katika nusu saa alikwisha kuingiziwa zaidi ya lita 3. Latta akamwacha katika uangalizi wa tabibu mwenziwe, akaondoka. Haukupita muda, kuhara na kutapika vikarejea, maji hayakuongezwa, na baada ya saa 5 na nusu bibi yule akafariki dunia. Habari hizi aliziandika Latta mwenyewe bila ya kuficha neno, akakiri imani yake kwamba lau maji yangalirudiwa, mgonjwa wake angalipona.

Katika kifo cha bibi huyu, ambaye jina lake halikuandikwa, mna nusu ya elimu yote nitakayoisimulia: kwamba kipindupindu humuua mtu kwa kumkausha, na kwamba maji yatokayo hayana budi kurudishwa kwa kiasi kilekile muda wote yanapotoka. Nusu ya pili, yaani kwamba maji hayo yaweza kupita kinywani, tena yakakorogwa na mama asiyejua kusoma, kwa vitu vilivyomo jikoni mwake, ilichelewa kupatikana kwa karibu miaka 140. Na katika miaka hiyo walikufa watu ambao idadi yao Mungu ndiye aijuaye.

Latta alifariki mwaka 1833, na elimu yake ikazikwa pamoja naye. Walioijaribu baada yake waliwaingizia maji wagonjwa waliokwisha kukata roho nusu, wakawaingizia mara moja wakaacha, na maji yenyewe hayakuwa yamesafishwa, kwa kuwa habari za vijidudu zilikuwa hazijajulikana. Basi wengi walikufa, na tiba ikashukiwa. Wabaa huo wa kipindupindu ukaendelea kuzunguka dunia. Pwani yetu wenyewe iliuonja. Mwaka 1859 Richard Burton aliukuta Kilwa ukiteketeza watu. Na mwaka 1869 ukaingia Unguja, safari hii si kwa jahazi kama ilivyozoeleka, bali kwa njia ya bara, kwani tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi na kutibu mjini Unguja, alifuatilia nyayo zake kwa wasafiri na wafanya biashara mpaka akabainisha kwamba ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita nchi za Wamasai, ukashuka Pangani, kisha ukavuka. Kitabu alichokiandika juu ya habari hizo kilichapishwa London mwaka 1876, na mpaka leo wataalamu hukirejea. Lakini Christie, pamoja na juhudi yake yote ya kuujua mwenendo wa maradhi, hakuwa na la kumpa mgonjwa lililozidi alilokuwa nalo jirani wa mgonjwa. Na jirani, kama madaktari wengi wa zama hizo na hata wa baadaye sana, aliamini kwamba mwenye kuhara asipewe maji, maana kila ampacho hukitoa, na kwamba tumbo lililochafuka lataka kupumzishwa.

Itikadi hiyo ya kumnyima mgonjwa maji ndiyo adui mkubwa katika historia hii, kuliko kijidudu chenyewe. Nayo ilikuwa na sura ya kweli, ndiyo sababu ikadumu. Mtu akinywa maji matupu akiwa na kipindupindu, maji hayo hayamfai kitu, hupita tu. Akinywa maji ya chumvi tupu, ni vivyo hivyo, au huzidi. Sumu ya kijidudu huwa imeyafungulia maji ya mwili yamiminike kuingia utumboni, na mgonjwa aliyezidiwa aweza kutokwa na lita nzima kwa saa moja. Aliyemtazama mgonjwa wa namna hiyo asingeweza kulaumiwa kwa kudhani kuwa utumbo umeharibika wote, na kwamba njia ya kinywa imekwisha kufungwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers, mganga Mwingereza aliyekuwa Calcutta, aliirejesha tiba ya kutia maji mishipani, na vifo katika hospitali yake vikapungua kwa takriban nusu. Tangu hapo ikawa yajulikana kwamba mwenye kipindupindu akitundikiwa maji safi ya kutosha, aghalabu hupona. Lakini chupa za maji yale zilikuwa ghali na nzito, zataka sindano, zataka mikono iliyofunzwa na kitanda cha kumlaza mgonjwa. Na maradhi yenyewe hayakai mahali penye vitu hivyo, bali hukaa penye visima vichafu, safari ya siku mbili kutoka hospitali. Ikawa dawa ipo na watu wanakufa.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, alitangaza katika jarida la Lancet la London kwamba amewatibu wagonjwa 186 wa kipindupindu, ambao hali zao hazikuwa mbaya sana, kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi, ambayo ni namna ya sukari, pamoja na majani ya kienyeji ya kutuliza matapiko. Wote walipona. Ulimwengu wa tiba ulisoma ukapita. Kwani Chatterjee hakuwa amepima kiasi cha maji kilichoingia na kilichotoka kwa namna ambayo ulamaa wa fani wangeridhika nayo, na mimi naona kwamba hata angelipima, wengi wangelitaka kusikia habari hiyo kutoka mji mwingine. Alikuwa ametangulia kweli kwa miaka 15.

Sababu ya dawa yake kufaa ilikuja kuelezwa mwaka 1960, katika mkutano wa wanasayansi huko Prague, na mtu ambaye hakuwa akishughulika na kipindupindu hata kidogo. Robert Crane, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba katika ukuta wa utumbo mwembamba mna njia ambayo chumvi na sukari huingia mwilini pamoja, zikifuatana kama wasafiri wawili wanaotumia hati moja, hata mmoja akikosekana mwingine huzuiliwa. Na popote iendapo chumvi, maji huifuata. Sumu ya kipindupindu haiigusi njia hiyo. Kwa hiyo utumbo uliodhaniwa umeharibika wote ulikuwa na mlango mmoja mzima, na ufunguo wake ni sukari.

Hapo mtu angetazamia mambo yaende upesi. Hayakwenda. Kapteni Robert Phillips wa jeshi la majini la Marekani, mtu aliyekuwa ameokoa roho nyingi kwa maji ya mishipani, alijaribu maji ya kunywa huko Ufilipino mwaka 1962, lakini mchanganyiko ulikuwa mkali kupita kiasi, na baadhi ya wagonjwa wakafa. Jambo lile lilimwingia moyoni. Na alipokuja kuongoza maabara ya utafiti wa kipindupindu iliyokuwa Dhaka, mji uliokuwa bado katika Pakistani ya Mashariki, alikuwa mwenye hadhari kuu juu ya kila aliyetaka kulirudia jaribio.

Waliotaka kulirudia ni madaktari wawili Wamarekani, David Nalin na Richard Cash, vijana wa chini ya miaka 30. Wao walitambua jambo dogo ambalo wakubwa zao walilipita: kosa halikuwa katika kunywesha, lilikuwa katika kipimo, kwa sababu kila mgonjwa hutoa kwa kadiri yake, na haitoshi kumnywesha kiasi kilichoandikwa kitabuni, bali lazima upime kila alichokitoa na kumrudishia vivyo hivyo, saa kwa saa, usiku na mchana. Mwaka 1968 wakawachukua wagonjwa 29, wote watu wazima wenye kipindupindu kikali. Kwanza waliwafufua kwa maji ya mishipani, kisha baadhi yao wakaanza kunyweshwa au kutiliwa tumboni kwa mpira maji yenye glukosi na chumvi. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, na chini yake hukaa ndoo yenye alama za vipimo. Basi madaktari na wauguzi walikesha kwa zamu kando ya ndoo hizo, wakiandika namba, wakijaza vikombe. Lilipokwisha jaribio ikaonekana kwamba waliokunywa walihitaji maji ya mishipani pungufu kwa asilimia 80 kuliko wenzao. Matokeo yakachapishwa katika Lancet mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na miongoni mwa majina ya walioandika mlikuwa na Rafiqul Islam na Majid Molla, wenyeji wa nchi ile, jambo ambalo wasimuliaji wengi hulisahau.

Ithibati ilipatikana, lakini ilikuwa ithibati ya hospitali. Wakubwa wa fani walisema kwamba tiba hii yataka daktari mwangalifu na ndoo yenye vipimo, wala haiwezi kuachwa mikononi mwa watu wasio na elimu. Kilichowaumbua ni vita.

Mwaka 1971, Pakistani ya Mashariki ilipokuwa ikipigania kuwa Bangladesh, watu wapatao milioni 10 walikimbilia India, wengi wakiwa wamelowa mvua, wamechoka na hawana chochote. Katika mji mdogo wa Bongaon, karibu na mpaka, walijaa wakimbizi wapatao 350,000, na kipindupindu kikawafuata. Mwezi wa Juni daktari Dilip Mahalanabis, Mbengali aliyekuwa mtafiti mjini Calcutta, alifika katika hospitali ya mji huo, akakuta vyumba viwili vya wagonjwa wa kipindupindu vyenye vitanda 16 tu, vyote vimejaa, na wagonjwa wengine wametandazwa sakafuni bega kwa bega, hata ilimlazimu kupiga magoti katika matapiko na mavi ili amfikie wa kumtundikia maji. Chupa za maji zikawa zaelekea kwisha. Wauguzi wa kutosha hawakuwako. Akabakiwa na mambo mawili ya kuchagua: ama awaache wafe kwa kuwa dawa iliyoidhinishwa imekwisha, ama awape ile ambayo haijaidhinishwa kutumika nje ya hospitali ya utafiti. Akachagua kuwapa.

Mjini Calcutta, katika chumba cha maktaba ya kituo chao cha utafiti, watu walikaa wakipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za magadi kwa kila lita moja itakayokorogwa; wakazitia katika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto, wakaipakia katika gari. Huko Bongaon mifuko ikamiminwa katika mapipa ya maji yenye bomba chini, na yeyote mwenye mgonjwa akaambiwa aje na kikombe. Waliokuja ni mama, dada, waume na watoto wakubwa. Hawakupewa ndoo yenye vipimo wala hawakufundishwa hesabu: waliambiwa wamnyweshe mgonjwa kadiri awezavyo kunywa, na waendelee hata akitapika. Gharama ya lita moja ilikuwa paisa 11 za India, kiasi cha senti moja na nusu ya Marekani. Katika wiki chache walitibiwa wagonjwa zaidi ya 3,000, wakafa chini ya 4 katika kila 100, hali vifo makambini kabla ya hapo vilikuwa kama 30 katika kila 100.

Naomba msomaji asiipite namba hiyo upesi. Haikupatikana kwa dawa mpya, kwani dawa ilikuwako. Ilipatikana kwa kumkabidhi kikombe mama wa mgonjwa. Wale waliosema kwamba watu wasio na elimu hawawezi kuaminiwa walikuwa wamekosea kwa kipimo kinachohesabiwa kwa makaburi.

Makala ya Mahalanabis ilichapishwa mwaka 1973, baada ya kutatizwa na wenye shaka. Lakini ndani ya Shirika la Afya Duniani alikuwako Dhiman Barua, naye Mbengali, aliyekwenda kambini kujionea kwa macho yake, akawa mtetezi wa tiba hii mpaka shirika, pamoja na UNICEF, likaikubali na kuanza kutoa pakiti za unga wake. Mwaka 1978 jarida la Lancet, lile lile lililompita Chatterjee, likaandika katika tahariri kwamba ugunduzi wa sukari na chumvi kusafiri pamoja utumboni huenda ukawa ndio mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Sasa tunafika mahali ambapo historia hii, kwa maoni yangu, ndipo ilipo na utukufu wake. Bangladesh ilikuwa huru na maskini, viwanda vya pakiti havikutosheleza hata sehemu ndogo ya vijiji vyake, na watoto waliendelea kufa kwa kuhara kwa kila namna, si kipindupindu pekee. Alikuwako mtu aitwaye Fazle Hasan Abed, mhasibu aliyekuwa na cheo kikubwa katika kampuni ya mafuta mjini Chittagong, ambaye tufani ya Novemba 1970 na vita vilivyofuata vilimtoa katika maisha yake ya raha, akaanzisha mwaka 1972 chama cha kuwasaidia wakimbizi waliorejea katika wilaya ya Sulla, chama kijulikanacho kwa jina la BRAC. Mwaka 1979, watu wake walipotafuta jambo moja la kuwafaa watoto wa nchi nzima, waliuliza swali ambalo wenye viwanda hawakuliuliza: je, dawa hii haiwezi kutoka jikoni?

Glukosi haimo jikoni, bali kila nyumba ya Bengali ina guru. Na hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa, kwani neno hilo lilivuka bahari likafika kwetu pamoja na kitu chenyewe, tukaliita sukari guru. Chumvi ipo. Maji yapo. Kilichokosekana ni kipimo, maana chumvi ikizidi hudhuru, hata yaweza kumuua mtoto mchanga, na ikipungua haisaidii. Nao wanawake wale hawakuwa na mizani wala vijiko vinavyolingana. Walijaribu hiki na kile, mpaka wakaangukia kipimo ambacho Muumba amempa kila mtu: chumvi ya kubana kwa ncha za vidole vitatu, na guru ya kujaa konzi moja, katika nusu ya kipimo cha seri cha maji, ambacho ni kama nusu lita. Sampuli za maji yaliyokorogwa na akina mama vijijini zikachukuliwa maabara Dhaka zikapimwa, ikaonekana kwamba vidole vya mama aliyefundishwa vizuri havikosei kwa kiasi cha kuogofya. Hata chombo cha maji kilifikiriwa: kwa kuwa kila nyumba ina chungu chake, mwalimu alipima maji, akayamimina katika chombo cha mama mwenyewe, na kukitia alama mahali yalipofikia.

Kuanzia mwaka 1980, makundi ya wanawake vijana, waliosoma kidogo tu na kutoka vijiji vya jirani, walitembea kwa miguu nyumba hata nyumba. Mwalimu alikaa chini na mama mmoja, si mkutano, akamweleza mambo machache ya kukumbuka, akakoroga mbele yake, kisha akamwachia akoroge mwenyewe mpaka apatie. Baada ya majuma kadhaa alikuja mkaguzi, ambaye mwalimu hakujua atakwenda nyumba gani, akawauliza akina mama wachache waliochaguliwa kwa kura wataje waliyofundishwa na wakoroge. Na mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu yao. Mama akijua yote na kukoroga sawasawa, mwalimu alipata taka 4, fedha ya Bangladesh. Akijua nusunusu, alipata pungufu. Akiwa amesahau, hakupata kitu. Sijapata kusikia tadbiri ya kufundisha watu wazima iliyo ya haki kuliko hiyo, kwani ilimfanya mwalimu ajali alichobaki nacho mwanafunzi, si alichosema yeye.

Hata hivyo, katika vijiji vya mwanzo lilitokea jambo la kuvunja moyo: akina mama walijua kukoroga, na mtoto alipohara hawakukoroga. Sababu zilipotafutwa, ya kwanza iligunduliwa kwa walimu wenyewe, ambao walipoulizwa hutumia nini wakiharisha, walijibu kwamba hutumia vidonge. Walikuwa wakifundisha wasiloliamini. Wakapelekwa Dhaka, wakaonyeshwa wagonjwa walioletwa mahututi wakiinuka kwa kunywa tu. Wakafundishwa sababu, si amri peke yake. Na waliporudi vijijini walikuwa wakinywa maji yale mbele ya mama kabla ya kumwambia amnyweshe mwanawe. Sababu ya pili ilikuwa waume, ambao waliachwa nje ya mazungumzo, wakawa wanayadharau. Basi wakatumwa wanaume waseme na wanaume, magulioni, shuleni na misikitini. Matumizi yakapanda.

Kazi ile iliendelea kwa miaka 10, mpaka mwaka 1990, ikafika katika kaya zaidi ya milioni 12, yaani karibu nchi nzima. Aliyefundishwa akamfundisha bintiye. Baadaye pakiti zikawa nyingi na rahisi, zikachukua nafasi ya konzi na vidole, lakini zilikuta watu waliokwisha kuamini; na Bangladesh leo ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi hupewa dawa hii wanapohara, kadiri ya 7 au zaidi katika kila 10. Kati ya mwaka 1980 na 2005 vifo vya watoto kwa kuhara nchini humo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Na ijapokuwa visima, chanjo na elimu ya wasichana vilichangia, hakuna mwenye insafu atakayelinyima konzi la guru sehemu yake. Ulimwenguni kote roho zilizookolewa kwa tiba hii hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Mchanganyiko umepunguzwa ukali tangu mwanzoni mwa karne hii, na tangu 2004 mtoto anayehara hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Abed aliaga dunia mwaka 2019, Mahalanabis mwaka 2022, Cash mwaka 2024. Chama cha Abed kilifika Tanzania na Uganda mwaka 2006.

Nikiisha kusema hayo yote, narudi kwa yule bibi wa Leith, maana nahofia kwamba historia imemsahau kwa mara ya pili. Mgonjwa wa kwanza wa Latta alikuwa mzee, na wale 29 wa Dhaka walikuwa watu wazima, lakini tangu dawa ilipotoka hospitali kwenda vijijini, mabango yake yote yana picha ya mtoto mchanga mikononi mwa mama, na maelekezo yote huhesabu miezi na miaka ya utoto. Ni haki watoto watangulizwe. Lakini kuhara huua zaidi katika ncha mbili za umri, kwa walio chini ya miaka 5 na kwa waliopita 70, na mzee hukaukiwa kwa namna ya siri. Kiu humpungua kwa kadiri umri unavyosonga, hata akawa ahitaji maji na asiyatake. Ngozi yake ilikwisha kulegea zamani, kwa hiyo dalili ya kuibana na kutazama kama yarudi upesi, ambayo muuguzi huitegemea kwa mtoto, kwake hudanganya. Pengine anameza dawa za shinikizo la damu ambazo zenyewe humtoa maji. Aghalabu hukaa kimya, akiona haya kwamba amechafua mkeka, na aila hudhani ni uzee tu unamlegeza, hali ni kikombe alichokosa.

Tena mzee huyo, akiwa nyanya, ndiye, katika nyumba zetu kama katika zile za Bengali, aombwaye ushauri mtoto anapohara, na neno lake hupita la mkaza mwana. Akishikilia itikadi ya zamani kwamba mwenye kuhara asinywe, pakiti itabaki rafuni. Akiwa ameelewa, huwa tabibu wa nyumba nzima. Kumfundisha yeye ni kuwaokoa wawili, mjukuu na nafsi yake.

Pwani na bara zetu hazijaachana na kipindupindu tangu wimbi lake la saba duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, lilipofika Kenya mwaka 1971 na Tanzania mwaka 1974. Na wenyeji wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa Agosti 2015. Basi nakuomba, msomaji, uwe na pakiti mbili tatu za dawa hii nyumbani kabla hazijahitajika, na siku zitakapokosekana, ukoroge vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawia bila ya kilele, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uonje kwanza kwamba chumvi yake haizidi ya machozi. Mtoto mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, bila ya kumwachisha ziwa wala chakula. Mzee usingoje akuambie ana kiu: keti naye, mpe kikombe kila baada ya kuhara, kama amelegea sana au ana maradhi ya moyo au ya figo umpeleke kwa daktari huku akinywa njiani, na usimwache mikononi mwa mwingine kabla hujahakikisha kwamba huyo naye anajua kuwa maji hayo lazima yarudiwe.